Maswali ya Wasomaji: Kiunzi Kisichotulia Ndani ya Seli

Katika toleo lililopita niligusia kwa aya mbili tu kwamba ndani ya kila seli ya mwili kuna nyuzi nyembamba za protini zinazoipa seli umbo na mwendo, na kwamba mojawapo ya protini hizo, iitwayo aktini, ni miongoni mwa protini zilizo nyingi kabisa mwilini. Nilidhani jambo limekwisha. Barua zilizofika kutoka Kisumu, Nakuru, Siaya, Busia na Kakamega zimenionyesha kwamba nilifungua mlango kisha nikaondoka bila kuwakaribisha wageni, kwa hiyo ukurasa mzima wa toleo hili nimeuachia jambo hilo moja.

Barua ya kwanza imetoka kwa mwalimu: Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya upili hapa Kisumu. Wanafunzi wangu walichuma gugu la majini upande wa Dunga, tukaweka jani lake chini ya hadubini. Baada ya dakika chache punje za kijani zilianza kuzunguka kandokando ya kuta za seli kama magari kwenye raundabauti. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: "Mwalimu, umetuambia seli ina mifupa yake, mbona basi kila kitu ndani yake kinatembea?" Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi huyo ametushika sote wawili pabaya, kwa sababu kosa limo katika neno lenyewe. Tumezoea kusema "mifupa ya seli", na neno mfupa humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye kitu kigumu na kikavu, kinachobaki hata baada ya mwenyewe kuoza. Mimi siku hizi husema kiunzi cha seli. Kiunzi cha nyumba ni miti iliyofungwa pamoja, na fundi akitaka kupanua chumba anaweza kuifungua na kuifunga upya. Hata mfano huo haufiki mwisho wa safari, maana katika seli fundi hapumziki: anajenga upande huu huku akibomoa upande ule, mchana na usiku, na akiacha kubomoa seli nayo huacha kutembea.

Tuanze na kipande kimoja. Molekuli moja ya aktini ni kitonge kidogo cha protini kilichoundwa kwa asidi amino 375, ambazo ndizo matofali ya protini. Vitonge hivyo hushikana kimoja nyuma ya kingine hadi vikawa uzi wa mistari miwili iliyosokotana mithili ya kamba, wenye unene wa takriban nanometa 7 (nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Ungelazimika kupanga nyuzi kama hizo 10,000 hivi bega kwa bega ndipo upate unene wa unywele mmoja wa kichwani. Kila kitonge huingia katika uzi kikiwa kimebeba ATP, ile molekuli inayohifadhi nishati ya seli. Kikishaketi mahali pake huivunja ATP hiyo, na kuanzia hapo mshiko wake na majirani hulegea. Matokeo yake ni kwamba ncha moja ya uzi huongezewa vitonge vipya kwa kasi, ilhali ncha ya pili hupoteza vile vilivyozeeka.

Wachukue wanafunzi wako katika fikira hadi kwenye steji ya matatu jioni. Abiria wa mbele wanapanda gari na wengine wanajiunga nyuma, na foleni inabaki na urefu uleule ingawa watu waliomo si walewale. Sasa waambie wawazie kwamba waliobaki kwenye foleni wamekatazwa kusogea hata hatua moja: foleni yenyewe itaonekana ikihama kuelekea nyuma, japo hakuna mtu aliyeinua mguu. Hivyo ndivyo uzi wa aktini unavyosafiri, na ncha yake inayokua ikiwa imeelekezwa kwenye utando wa seli, husukuma utando huo mbele. Mwanafunzi akichomwa na mwiba, chembechembe nyeupe za damu hujipenyeza kutoka kwenye mishipa na kutambaa hadi penye jeraha kwa mwendo wa takriban mikrometa 10 kwa dakika (mikrometa ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kinachosukuma ukingo wao wa mbele ni maelfu ya nyuzi hizi zikijengwa mbele na kubomolewa nyuma.

Katika jani la gugu lenu hali ni tofauti kidogo. Huko seli imezungukwa na ukuta mgumu, haiwezi kutambaa, na nyuzi za aktini zimekusanyika katika vifungu vilivyolala pembezoni, karibu na ukuta, kama reli. Protini nyingine iitwayo miosini hushika reli hizo, ikapiga hatua moja baada ya nyingine kwa kutumia ATP, huku imekokota mizigo, na mizigo inapokokotwa huburuta pia uteute wote ulio jirani. Zile punje za kijani ni kloroplasti zilizobebwa na msafara huo. Zilikawia dakika chache kabla ya kuanza kwa sababu mwanga wa hadubini ni mojawapo ya mambo yanayouamsha mzunguko. Mtaliano Bonaventura Corti aliona mzunguko wa namna hii mwaka wa 1774 katika mimea ya majini, bila kujua kinachousukuma. Katika mmea wa majini uitwao Chara, ambao seli zake ni ndefu ajabu, msafara huo hufikia mikrometa 50 hadi 100 kwa sekunde, na nafikiri sababu inaonekana wazi: katika seli yenye urefu wa sentimita kadhaa, kungojea sukari isambae yenyewe polepole ni kufa njaa.

Kwa kipindi kijacho, chukua jani lingine la gugu hilohilo, lilaze kwanza katika maji yenye barafu, kisha litazame haraka. Wanafunzi wahesabu sekunde ambazo punje moja inatumia kuvuka seli, walinganishe na jani lililokaa katika maji ya kawaida. Mfupa usingejali baridi, ila injini inayochoma ATP hujali sana.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama aktini ndiyo kiunzi chote. La. Ziko nyuzi za aina tatu: aktini yenyewe, nyuzi za kati zenye unene wa nanometa 10, zilizo imara kama kamba ya katani, na mirija midogo ya tubulini, yenye upana wa nanometa 25, ambayo nitairudia nikimjibu mama wa Busia. Aktini ilitangulia kujulikana kwa sababu ya nyama. Brunó Straub aliitenga mwaka wa 1942 kutoka katika msuli, akifanya kazi katika maabara ya Albert Szent-Györgyi mjini Szeged, Hungaria, na kwa muda mrefu wengi waliichukulia kuwa protini ya misuli tu.

Nina bucha hapa Nakuru. Mwaka huu nilinunua friza kubwa nikitumaini kuepuka hasara. Mbuzi wangu huchinjwa alfajiri, nami huitoa nyama kwenye mifupa ingali na joto na kuiweka ndani ya friza papo hapo. Wateja sasa wanalalamika kwamba nyama ni ngumu kama mpira, ilhali zamani nilipokuwa nikiitundika usiku kucha haikuwa hivyo. Baba anasema friza ina mkosi. Nimesoma kwamba aktini ni ya misuli, je, inahusika?

Inahusika kuliko unavyodhani, ndugu yangu, na barua yako ndiyo iliyonifurahisha zaidi mwezi huu. Msuli ni mahali ambapo aktini na miosini zimepangwa kwa nidhamu isiyopatikana kwingine mwilini: nyuzi nyembamba za aktini zimeingiana na nyuzi nene za miosini kama vidole vya mikono miwili, na msuli unapojikunja vidole hivyo huteleza na kuingia ndani zaidi bila uzi wenyewe kufupika. Jambo hilo lilielezwa mwaka wa 1954 na makundi mawili katika toleo moja la jarida la Nature: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande wa pili. Wale Huxley wawili hawakuwa ndugu, ingawa jina hilo limewachanganya wanafunzi tangu siku hiyo.

Kila uzi wa miosini una vichwa vingi vidogo vinavyoshika aktini, kuivuta, kuiachia na kuishika tena mbele kidogo. Watu wengi hudhani kwamba nishati hutumika kwa kushika. Hapa ndipo penye siri ya bucha lako: kichwa cha miosini kinahitaji ATP ili kiachie. Mbuzi akiwa hai, ATP haikosekani, na msuli hulegea kila unapotakiwa kulegea. Akishachinjwa, damu hukatika na oksijeni nayo, lakini msuli haufi dakika hiyo. Huendelea kwa saa kadhaa kutengeneza ATP kidogo kwa kuunguza akiba yake ya sukari iitwayo glaikojeni. Akiba inapokwisha, vichwa vyote vilivyoshika vinabaki vimeshika, na mzoga unakakamaa. Kwa sababu hiyohiyo mbuzi aliyekimbizwa sana au kusafirishwa njaa kabla ya kuchinjwa hukakamaa mapema, maana akiba yake aliimaliza njiani. Samaki wa Kisumu nao hupitia hayohayo, tena upesi zaidi, na mama muuza ngege anayemshika samaki mkiani kuona kama anasimama wima bila kuning'inia, kwa hakika anapima mshiko wa miosini.

Baada ya kukakamaa, nyama hulainika tena polepole. Vichwa vya miosini haviachii kwa kweli. Kinachotokea ni kwamba vimeng'enya vilivyomo ndani ya msuli, hasa vile viitwavyo kalpaini, huzikata protini nyingine zinazoufungia mpangilio wote pamoja, kama vile titini na desmini. Ni kama mtu aliyeshindwa kuzifungua ndoana, akaamua kukata nyavu.

Sasa tufike kwenye friza. Ndani ya seli za msuli kuna vifuko vinavyohifadhi kalsiamu, na kalsiamu ikimwagika nje ya vifuko hivyo ndiyo amri ya kujikunja. Nyama iliyo bado na ATP ikipozwa ghafla chini ya nyuzijoto 10 hivi za Selsiasi, vifuko hivyo hushindwa kuizuia kalsiamu, nayo ikatoa amri ambayo hakuna mshipa wa fahamu ulioituma. Msuli hujikunja kwa nguvu kwenye baridi, kisha ATP inakwisha, na vichwa vinajifunga vikiwa katika hali hiyo ya kujikunja kabisa. Ikiwa nyama imeganda kabla hata ya kukakamaa, msukosuko huo huja siku mteja anapoiyeyusha: hujikunja kwenye sahani na kutoa maji mengi. R. H. Locker na mwenzake walieleza kujikunja huko kwa baridi mwaka wa 1963 nchini New Zealand, nchi inayouza nje nyama nyingi iliyogandishwa, na tangu hapo wenye machinjio makubwa wamejifunza kuwa waangalifu.

Wewe umeongeza makosa mawili bila kujua. Umeitoa nyama kwenye mfupa ingali moto, na mfupa ndio ulioushikilia msuli usifupike. Na mbuzi ni mnyama mwembamba mwenye mafuta machache, mwili wake hupoa upesi kuliko wa ng'ombe. Kanuni wanayoitumia wenye kazi hii ni rahisi kukumbuka: nyama isishuke chini ya nyuzijoto 10 katika saa 10 za kwanza. Itundike ikiwa na mifupa yake, mahali safi pasipo na nzi na penye ubaridi wa wastani, uiache ikakamae, ndipo uihamishie kwenye baridi kali. Lakini usiiache hapo hadi joto la mchana liikute, kwani bakteria hawana subira kama aktini. Baba yako amekosea kuhusu mkosi, lakini kuhusu kutundika usiku kucha mzee alikuwa sahihi miaka yote.

Tuna watoto wawili hapa Siaya. Wa kwanza ana selimundu. Wa pili tuliambiwa amebeba nusu tu, na kweli malaria haimlemei kama wenzake. Kwa kuwa umesema umbo la seli hutokana na nyuzi, je, selimundu ni ugonjwa wa nyuzi hizo? Na hiyo nusu inamkinga vipi mdogo wake?

Mzazi mpendwa, pole kwa safari ndefu ya mtoto wa kwanza. Katika selimundu kweli kuna nyuzi ndani ya seli, lakini si nyuzi za kiunzi. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni, kwa kawaida huelea ikiwa molekuli mojamoja. Mtoto aliyerithi selimundu kwa wazazi wote wawili ana badiliko la asidi amino moja tu katika himoglobini hiyo, na badiliko hilo huzifanya molekuli zishikane kuwa nyuzi ndefu ngumu kila zinapoachilia oksijeni. Nyuzi hizo huichoma seli kutoka ndani na kuipinda kama mundu. Ni vijiti vya mgeni vilivyosimikwa ndani ya nyumba ya mwenyewe.

Nyumba yenyewe ni ya ajabu. Chembechembe nyekundu ya damu ina upana wa mikrometa 7 hadi 8, nayo hulazimika kupita katika mishipa myembamba kuliko yenyewe, na katika wengu hupenya nyufa zenye upana wa mikrometa 1 hadi 2 tu. Huvumilia hayo kwa siku 120 hivi. Chini ya utando wake kuna wavu: protini ndefu zinazonyumbulika ziitwazo spektrini, zilizofungwa pamoja kwenye mafundo, na kila fundo lina kijiti kifupi mno cha uzi wa aktini. Wavu huo huifanya seli ijikunje ipite, kisha irudi umbo lake. Seli inayopindwa kuwa mundu na kunyooka mara kwa mara mwishowe huharibika wavu wake, na hapo hubaki imepinda hata ikipata oksijeni. Kwa hiyo kiunzi hakikuanzisha ugonjwa, lakini ni mmoja wa waathiriwa.

Kuhusu kinga ya mtoto wa pili, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu hapa nchini mwaka wa 1949 akiwa katika msafara wa chuo kikuu cha Oxford, akaona kwamba wanaobeba alama ya selimundu ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu zilizo kavu au baridi, mahali ambapo malaria ni haba. Mwaka wa 1954 akachapisha hoja kwamba kubeba nusu, yaani kurithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, huilinda damu dhidi ya malaria. Sababu ziko kadhaa, na moja inaangukia katika mada yetu. Kimelea cha malaria kikishaingia ndani ya chembechembe nyekundu hunyang'anya aktini ya ule wavu na kujijengea njia zake, ambazo huzitumia kusafirisha hadi juu ya seli protini yenye kunata, ili seli hiyo ijibandike kwenye kuta za mishipa na kuukwepa wengu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 katika jarida la Science ulionyesha kwamba katika damu yenye himoglobini ya selimundu ujenzi huo wa aktini unavurugika. Mwizi amefika, amepata mbao, lakini ngazi haisimami.

Kimelea hicho pia kina aktini na miosini zake mwenyewe. Mbu anapouma, vimelea huachwa katika ngozi na kuteleza kutafuta mshipa wa damu kwa mwendo wa mikrometa 1 hadi 2 kwa sekunde, yaani karibu mara kumi ya mwendo wa zile chembechembe nyeupe nilizomtajia mwalimu wa Kisumu. Askari wetu hawana mbio za kumkamata. Injini inayovisukuma vimelea hivyo imebanwa chini ya ngozi ya kimelea, miosini ikikanyaga nyuzi fupi za aktini. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, iliyoanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019, huufundisha mwili kutengeneza kingamwili zinazoshika koti la kimelea katika hatua hiyo ya kuteleza, na kimelea kilichoshikwa koti hukwama.

Nakuomba jambo moja, mzazi mwenzangu. Kinga ya mtoto wa pili ni ya kupunguza makali, haiondoi haja ya chandarua wala ya kupimwa anapopata homa. Na yule wa kwanza asidhaniwe kwamba amekingwa maradufu. Kwa mtoto mwenye selimundu kamili malaria ni hatari kubwa, hivyo dawa zake za kinga alizoandikiwa na kliniki zisikosekane.

Binti yangu wa darasa la tatu hapa Busia hupewa shuleni tembe moja ya dawa ya minyoo. Kama tembe hiyo inaua minyoo mikubwa vile, kwa nini haimdhuru mtoto mwenyewe?

Mama, dawa inayotolewa mara nyingi ni albendazoli, tembe ya miligramu 400, nayo haimpigi mnyoo kama sumu ya panya. Inakwenda kwenye ile mirija midogo ya kiunzi iliyoundwa kwa tubulini. Mirija hiyo ni barabara za ndani ya seli: mizigo hubebwa juu yake na protini zinazotembea kama wapagazi, na seli inapogawanyika, mirija hiyohiyo huvuta nusu ya kromosomu huku na nusu kule. Nayo pia hujengwa na kubomoka kila mara. Albendazoli hujibandika kwenye tubulini ya mnyoo na kuzuia vipande vipya visiungane, hivyo barabara zinabomoka bila kujengwa tena. Seli za utumbo wa mnyoo hushindwa kunyonya sukari, akiba yake inakwisha, na baada ya siku kadhaa mnyoo hufa kwa njaa akiwa katikati ya chakula.

Tubulini ya binti yako inafanana sana na ya mnyoo, lakini haifanani kabisa, na tofauti hiyo ndogo huifanya dawa ishike ya mnyoo kwa nguvu zaidi. Jambo la pili ni kwamba sehemu kubwa ya dawa hubaki tumboni, penye minyoo, badala ya kuingia kwenye damu. Kwa mwanamke mwenye mimba changa hesabu hubadilika, kwa kuwa seli za mtoto tumboni zinagawanyika kwa kasi. Asimeze dawa hii bila kumwona mhudumu wa afya.

Busia yenu, kwa njia, imeingia katika historia kwa tembe hizo. Kuanzia mwaka wa 1998 wachumi Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia utoaji wa dawa ya minyoo katika shule 75 za huko, wakaona kwamba utoro wa wanafunzi ulipungua. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019. Wachumi wengine wamebishana sana kuhusu ukubwa wa manufaa hayo, na mabishano yenyewe nawaachia wao. Kwamba tubulini ya mnyoo hushikwa, hilo halina ubishi.

Umeniandikia pia kwamba jirani yako amekuambia uchemshe lile ua la rangi ya waridi lenye majani ya kung'aa linalopandwa mbele ya nyumba, kwa sababu amesikia linatibu saratani; amesikia nusu. Ni kweli kwamba vinkristini, dawa inayotumiwa na hospitali dhidi ya saratani kadhaa, ikiwemo ile ya taya inayowapata watoto wa ukanda wetu, hutokana na mmea huo, nayo huizuia tubulini katika seli za binadamu. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kutoliweka kwenye sufuria: linashika barabara za seli zako wewe, na daktari huipima dozi yake kwa uangalifu mkubwa.

Mimi ni msusi hapa Kakamega, nami nasoma safu hii nikiwa kazini. Je, nywele nazo zina kiunzi? Na bakteria?

Dada, unywele ni kiunzi kitupu. Seli zilizo kwenye shina lake chini ya ngozi hujijaza keratini, ambayo ni mojawapo ya zile nyuzi za kati nilizozitaja, kisha hufa na kusukumwa juu zikiwa zimebaki nyuzi hizo zilizofungamana. Nyuzi za kati hazina haraka ya kubomoka kama aktini, ndiyo maana unaweza kuuvuta unywele katika suka lako bila kukatika. Maji huvunja baadhi ya vifungo vyepesi vinavyoishikilia keratini katika umbo lake, navyo hujifunga upya nywele zinapokauka; ukitaka lile pindo likae, usimfungue mteja kichwa kingali kimelowa. Dawa ya kulainisha huvunja vifungo vya salfa vilivyo imara zaidi, na hivyo havirudi vyenyewe.

Bakteria wanazo protini za jamii ya aktini na tubulini, ingawa kwa sura tofauti. Kwa upande wa pili, aktini ya hamira unayotumia kuumulia unga wa mandazi inafanana na yako kwa karibu asidi amino 9 kati ya kila 10.